Kura ya Thera

Liverpool, Sydney
8 Agosti 2021

Kwako Baba,

Hujambo? Goti linaendeleaje, na baridi ya huko Nkubu? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo, wacha tu. Lockdown haijaisha. Ni kupanga mizigo bandarini Port Botany, kisha chumbani. Wiki nzima neno pekee nililomwambia mtu ni "yes", kwa supavaiza. Nataka kurudi nyumbani. Mpaka umefungwa, nikitoka sitaingia tena, najua. Niambie tu nije.

Mwanao,
Mwiti

Nkubu
30 Agosti 2021

Mwanangu Mwiti,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, nimelizoea. Umesahau somo langu la historia darasani, nyinyi mkisinzia? Wagiriki hawakuwa na nchi moja. Kila bonde na mji wake, sheria zake na ukuta wake. Kisiwa cha Thera kilipokauka, nyumba yenye ndugu wawili ilitoa mmoja kwa kura, akajenge mji mpya Afrika. Waliojaribu kurudi walirushiwa mawe wasishuke pwani. Wakageuza, wakajenga Kirene, ukashinda mji uliowazaa.

Nasi tulipiga kura ya karatasi mbili, nani aende ng'ambo, wewe na ndugu yako Mugambi, mbele ya mama yenu, Mungu amrehemu. Ikakuangukia wewe. Jikaze, mwanangu.

Baba yako

Liverpool
19 Septemba 2021

Baba,

Natumaini u mzima. Mji hujengwa na watu. Wale wa Thera walipanda merikebu na wenzao. Mimi hapa nina birika na dirisha. Juzi nilimsalimia jirani yangu Cirhuza, Mkongo wa mlango wa pili, akafunga mlango kwa kuogopa corona. Nililia kama mtoto, sikufichi.

Na yale mawe, Baba, nani aliyarusha? Si baba zao? Basi, sitauliza tena.

Mwiti

Nkubu
2 Novemba 2021

Mwanangu,

U hali gani? Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Kila nikianza kujibu, nachana.

Karatasi zote mbili za ile kura niliandika "Nenda". Nikakuita wewe uchague kwanza, na ya Mugambi nikaitupa jikoni motoni kabla haijafunguliwa. Hata mama yako hakujua. Nilitaka kubaki na Mugambi, huo ndio ukweli, na naona aibu kuuandika. Naye yuko Nairobi mwaka wa pili sasa, simu zangu hashiki.

Nisamehe. Kama si leo, hata kesho.

Hapa hakuna wa kukurushia mawe. Nimebaki peke yangu, na goti hili hata kuinama niokote jiwe haliniruhusu. Njoo.

Baba yako