Moshi Chini ya Blanketi

Kalemie, Zaïre, mwezi wa kumi 1991

Papa Télesphore,

Mutoto wako amecheka sasa hivi. Nilikuwa ninamupangusa kwa maji ya baridi, akanyang'anya kitambaa kwa mukono wa kushoto, akakinyonya, akanichekea na meno yake mawili.

Huku samaki ndagala ziko nyingi. Nimekukaushia zako, utakula ukirudi kutoka Kabimba.

Juma lililopita homa ilimupanda mutoto wetu Télesphore, degedege ikamukamata tena. Mama yako akapiga kelele: "Mufunikeni, baridi njo inamumaliza!" Akamuweka chini ya blanketi pamoja na chungu cha majani yenye kutoa moshi. Kule ndani, kwa joto lile, degedege ikarudi, ikakawia kumuachia. Tangu siku ile mukono wake wa kuume haushiki kitu. Ninamupa kijiko kwa mukono ule kila asubuhi, pengine utaamka.

Mama Monique wa dispansari ameniambia, joto njo inaita degedege. Nimuvue nguo, nimulaze kwa ubavu, nisimutie kitu mudomoni, nimupeleke kwake mbio. Mama yako anauliza: "Huyo Monique amezaa wangapi?"

Leo mwili wa mutoto una moto tena. Mimi ni muke wa mwana wake tu, hanisikii. Wewe atakusikia.

Ananiita toka uani: "Émérence! Leta mutoto, majani yameshika moto!"

Usinikasirikie, Papa. Nitamuambia barua yako imefika, ingawa haijafika, na ndani umeandika kwamba