Ghala la Timau Ufuoni

Kilifi, 3 Novemba 1988

Baba mpendwa,

Nakuamkia kutoka kwenye joto. Koti ulilonipa nimeligeuza mto.

Acha nikuchekeshe. Nyumba ya kwanza niliyowachorea wageni wa likizo hapa ufuoni, niliiwekea madirisha madogo na meko ya kuota moto sebuleni. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Mtoto wa Timau huibeba baridi popote aendapo!

Nikaanza upya. Nikakumbuka ghala lako la mahindi, lilivyoinuliwa juu ya nguzo, kuta za fito zilizosukwa, upepo ukipita kila upande. Nikalichora kubwa, kwa boriti za mikoko na paa la makuti. Mwenye kiwanja ameagiza sita!

Fundi mkuu akaniuliza, "Nani alikufunza?"

Nikamwambia, "Baba yangu, na hajawahi kuona bahari."

Najua bado una kinyongo kwamba niliacha ualimu pale Kaaga. Barua zangu tatu hukuzijibu.

Njoo Desemba, Baba. Nimekuombea ruhusa uwe wa kwanza kulala ndani ya ghala lako. Ukisikia baridi niambie, meko najua kuchora.

Binti yako,
Karwirwa