Mahali Nilipopaacha Wazi

Rumonge, Jumatano, baada ya magharibi

Namchukia yule Mdachi wa reli, na mikono yangu naichukia pia.

Miezi mitatu nimemjengea Rumonge nzima juu ya meza, apitishe garimoshi lake dogo la bati. Michikichi ya ukindu, ziwa la kioo, hata ndagala, vile visamaki vya ziwani, nimezitengeneza kwa vumbi la mbao nikazianika. Makaburi tu sikuyachonga. Kaburi halifanywi mchezo, kwa hiyo pale nikapaacha wazi.

Leo kaweka kidole palepale. "Hapa iko wazi. Reli ya kweli itapita hapa."

"Bwana, pale wamelala watu."

Akacheka. "Mbona mimi siwaoni?"

Mama yangu yuko pale.

Kesho nayachonga yote, nikianza na la mama. Ayang'oe kwa vidole vyake, mimi nikimtazama.