Farasi Aliyefuata Bila Kamba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bi Hatamu (ndivyo ninavyoitwa na kila mtu, hata marehemu mume wangu aliniita hivyo)
Umri: miaka hamsini na nane
Kazi: mwalimu wa kupanda farasi
Makazi: chumba kilicho nyuma ya ghala la nyasi, kituo cha farasi
Uhusiano na mlalamikaji: shangazi yake, dada wa baba yake
Uhusiano na mtuhumiwa: tunafanya kazi pamoja

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza nikiwa na akili zangu timamu, ingawa nimekaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi na benchi lenyewe halina mgongo.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, muda wa saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye uwanja mkubwa wa mazoezi nikimfundisha mwanafunzi wangu. Mwanafunzi huyo ni daktari wa meno, mtu mzima na heshima zake, na anaogopa farasi kama wagonjwa wake wanavyomwogopa yeye. Uwanja wa pili, ule wa duara, uko jirani na umetenganishwa na wetu kwa uzio wa mbao. Humo alikuwamo mtuhumiwa, ambaye sisi tunamwita Mzee Taratibu, akifanya kazi na farasi jike wa rangi ya kahawia anayeitwa Tafadhali. Afande ameinua kalamu akanitazama. Hilo ni jina la farasi, mwanangu, si kwamba nakuomba kitu. Aliitwa hivyo kwa sababu alipoletwa hakuna alichofanya bila kubembelezwa.

Naomba nieleze kidogo kuhusu farasi huyo, maana bila hilo afande hatanielewa. Alikuja kwetu miaka miwili iliyopita kutoka kwa mtu aliyekuwa akimchapa kwa kamba. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu hata kamba ya kuanikia nguo ilimtoa jasho. Watu wawili walijaribu kumtandika, mmoja akatoka na mkono umefungwa bandeji. Mzee Taratibu yeye alichukua ndoo, akaifudikiza katikati ya uwanja, akaikalia, akampa farasi mgongo. Akawa anashona mikanda ya matandiko. Kesho yake vivyo hivyo. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye mlalamikaji na mwenye kituo, alinifuata akaniuliza, "Shangazi, huyu mzee anafanya kazi au anaota jua?" Nikamwambia asubiri. Baada ya wiki kadhaa farasi alikuja mwenyewe, akanusa kofia ya mzee, akaitafuna ukingo. Mzee hakugeuka. Aliniambia jioni yake kwamba aliogopa kucheka asije akamshtua.

Toka hapo alimzoesha kidogo kidogo. Kiganja shingoni kwanza, brashi baadaye, tena kwa kufuata upande manyoya yanakolalia. Akimsafisha kwato, aliomba mguu kwa kuugusa tu, akangoja apewe. Kabla ya kukaza mkanda wa tandiko alipitisha kiganja chini yake kuona kama pana kinachobana. Mimi ndiye niliyempanda wa kwanza, na mzee aliniambia, "Kaa kama mgeni, Bi Hatamu. Usikae kama mwenye nyumba." Nimefundisha watu maisha yangu yote na hilo nililikariri kama mwanafunzi.

Sasa naomba afande aandike hili vizuri. Mzee Taratibu anatumia maneno mawili tu kwa farasi huyo. Akianza kazi husema, "Twende." Akimaliza humwekea kiganja katikati ya macho na kusema, "Basi." Kati ya maneno hayo mawili farasi yuko kazini. Hali nyasi, hanywi maji, na mzee akitembea humfuata nyuma kidogo ya bega lake la kushoto, bila kamba. Nilimuuliza kwa nini mambo yote hayo. Alijibu kwamba mnyama aliyeteswa alikuwa hajui mateso yanaisha saa ngapi, na ukimwonyesha mwisho, hataogopa mwanzo. Hata mvua ikinyesha, hata goti likimuuma, hajawahi kuondoka uwanjani bila kusema basi.

Narudi kwenye asubuhi ya tukio. Mlalamikaji alikuja kwenye uzio wa duara kazi ikiwa katikati. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alisema, "Mzee, naona leo tuishie hapa. Mkufunzi mpya anafika mchana. Wewe sasa pumzisha hilo goti." Kisha akanyoosha mkono apewe funguo za mabanda. Simsingizii mtoto wa kaka yangu, sauti yake haikuwa ya dharau. Alikuwa na haraka, na haraka ndiyo ugonjwa wake tangu azaliwe, maana hata tumboni hakungoja miezi kutimia. Lakini mtu haagwi hivyo kupitia uzio.

Mzee alisema, "Sawa, mwanangu." Akatoa funguo. Akachukua kofia yake juu ya nguzo, akafungua lango, akatoka. Kiganja hakuweka. Basi hakusema. Lango, ambalo yeye ndiye hutugombeza tusipolitia komeo, aliliacha wazi. Niliona uso wake alipopita. Alikuwa analia na hakutaka mtu aone, ndiyo maana alitembea upesi kuliko goti lake linavyomruhusu. Mimi pia hakuniaga.

Mlalamikaji alikuwa ameshageuka kurudi ofisini na simu sikioni. Farasi alisimama kidogo, akatoka kwa lango lile lile, akaenda kushika nafasi yake nyuma ya bega la kushoto.

Nimeulizwa kwa nini sikumzuia. Najibu kwamba nilikuwa na daktari wa meno juu ya farasi mwingine, ameng'ang'ania manyoya ya shingo, na mtu wa namna ile haachwi juu peke yake. Nilimshusha, nikamkabidhi farasi wake kwa mtunza nyasi, nikawafuata kwa miguu. Nilipowaona walikuwa wameshafika barabara ya vumbi. Nimeulizwa kwa nini sikupiga kelele. Najibu kwamba mbele yao kuna makutano ya lami na malori hupita pale. Ukimpigia kelele farasi mwoga karibu na lori, utakachookota hapo si farasi tena. Nikanyamaza, nikawafuata kwa mbali, roho mkononi.

Nimeulizwa kama mtuhumiwa alijua anafuatwa. Hakujua. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, farasi huyo hana viatu vya chuma, na vumbi la barabara ile linameza kila kitu. Isitoshe, mzee hana desturi ya kutazama nyuma. Anasema farasi mwoga ukimgeukia anadhani umebadili nia. Kwa hiyo alitembea akitazama mbele, na Tafadhali naye nyuma yake, kichwa chini, mtiifu kama bibi harusi. Watu walicheka. Fundi cherehani alitoka mlangoni akamwambia, "Mzee, leo umeongozana na mgeni?" Mzee aliinua mkono tu bila kugeuka. Baadaye, tukiwa njiani kuja hapa kituoni, aliniambia alidhani wanacheka machozi yake.

Kwenye makutano alisimama kungoja lori lipite, farasi naye akasimama. Alipovuka, naye akavuka. Mwizi gani huyo, afande, anayeiba bila kamba, mchana kweupe, katikati ya barabara, huku anapenga kamasi?

Alipofika kwake, ambako ni chumba cha kupanga chenye mlango wa bluu, aliingia, akageuka ili afunge mlango, na akakuta uso wa farasi umeshaingia ndani nusu. Mimi nilikuwa kwenye kona ya duka la mkaa, umbali wa kusikia. Alisema, "Wewe. Umefuata nini huku?" Kisha akaegemeza paji la uso wake kwenye paji la farasi, wakakaa hivyo. Baadaye akasema, "Nimekuacha kazini, mama. Nisamehe. Turudi." Pale hakumwambia basi, na alifanya sawa, maana farasi ukimwachilia kando ya barabara ataifuata nyasi popote ilipo, hata katikati ya magari.

Wakiwa wanaanza kurudi, gari la polisi lilifika, mlalamikaji akiwa ndani yake. Alikuwa amekuta uwanja mtupu na lango wazi, akasema mzee ameondoka na farasi kwa kulipa kisasi. Askari mmoja alimshika mzee mkono. Mwingine alitoa kamba, na farasi akaanza kutetemeka mwili mzima. Mzee hakujitetea hata neno moja. Aliomba tu, "Taratibu, jamani. Niacheni nisimame karibu naye wakati mnamfunga." Askari yule alikuwa muungwana, alikubali, na farasi alisimama akafungwa. Tukaja wote hadi hapa kituoni kwa miguu.

Mlalamikaji amenifuata hapa benchini akaniambia, "Shangazi, damu ni nzito kuliko maji." Nimemjibu kwamba nimekuja kwa sababu ya maji. Afande achungulie dirishani. Farasi amefungwa kwenye bomba la uani, na ndoo imejaa mbele yake tangu tulipofika. Jua sasa liko utosini na hajainamisha kichwa. Anatazama ule mlango alioingizwa mzee. Kijana wa kufagia amemletea majani, hayajaguswa. Mlalamikaji ameisogeza ndoo hadi mdomoni, maji yakamwagikia viatu vyake. Mimi nimeweka kiganja changu kati ya macho ya farasi na kumwambia basi, nimemwambia mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, na ananitazama kama mtu anayengoja bosi atoke. Yuko kazini bado. Mwenye kumtoa kazini amefungiwa ndani, wala hajui kwamba mnyama ana kiu. Angejua, mngesikia anagonga mlango.

Ombi langu ni moja. Mzee atolewe dakika chache, kwa pingu kama mnaona lazima, amalizie kazi aliyoiacha. Baada ya hapo sheria ifuate mkondo wake.

Nimeulizwa kama nina maslahi yoyote katika shauri hili. Ninayo. Afande aandike. Miaka kumi na moja sasa, tangu nihamie chumba cha nyuma ya ghala, tunakunywa chai ya asubuhi pamoja juu ya marobota ya nyasi, yeye na mimi, na kila siku ananiachia upande usio na upepo. Nampenda mzee huyo. Sijawahi kumwambia, wewe ndiye wa kwanza kusikia, na wino wako. Asubuhi hii alipita mbele yangu akaondoka bila neno, na tangu hapo mimi na yule farasi hali yetu ni moja. Pale juu palipoandikwa tunafanya kazi pamoja paachwe hivyo hivyo, kwa sababu ni kweli pia.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, nimeyakubali, isipokuwa mahali afande alipoandika "kielelezo namba moja". Ana jina.

Sahihi ya shahidi: Bi Hatamu

Maelezo ya nyongeza ya askari aliyeandika:

Mtuhumiwa alitolewa mahabusu chini ya ulinzi wangu, mlalamikaji na shahidi wakiwepo. Pingu hazikutumika. Alipoambiwa farasi hajanywa maji tangu asubuhi alitembea kwa haraka na kuchechemea. Alimwendea kwa ubavuni, akaweka kiganja katikati ya macho yake, akasema, "Basi." Farasi alishusha pumzi kwa sauti, akainama, akamaliza ndoo nzima. Ndoo ya pili nilijaza mwenyewe.

Mlalamikaji aliomba kufuta malalamiko yake. Nilipomtaka sababu, alisema, "Niandikie kwamba nilipoanguka kutoka juu ya farasi mara ya kwanza utotoni, huyu ndiye aliyeniokota. Nilikuwa nimesahau." Alimfungua farasi ili amrudishe, farasi hakusogea. Alimwomba mzee amrudishe yeye, na kesho afike kazini kama kawaida. Mzee alijibu kwamba atafikiria.

Mtuhumiwa ameachiliwa. Alifika hadi langoni, kisha akarudi. Shahidi alikuwa amerudi kukaa kwenye benchi. Mzee alisimama mbele yake, akavua kofia, akasema, "Twende."

Shahidi aliinuka. Farasi naye aliwafuata, nyuma kidogo ya bega la kushoto. Kamba imebaki hapa kituoni.