Kikapu Changu Mikononi mwa Paulina

Baba Koku,

Nakusalimu kutoka Bukoba mjini. Mimi mzima, ila roho inaniuma. Hebu geuza kadi hii uone picha. Si jirani yetu Paulina huyo, mlangoni kwa nyumba yake ya msonge, akimkaribisha mzungu kahawa ya kutafuna? Mwenye hoteli wa hapa ndiye aliyempiga picha, ili wageni wavutiwe kuja huko kwetu Muleba. Mhindi wa dukani anasema wakishuka melini wanainunua kadi hii, kisha wanaomba wapelekwe "kwa yule mama."

Yule mama! Kikapu alichoshika nilikisuka mimi, akaja kukiazima Pasaka. Nenda kakichukue kabla hawajafika wengine.

Wasalimie wanangu, nawakumbuka kila nikila. Na usiulize kwa nini nami nimeinunua. Nilitaka dukani ipungue moja.

Mkeo,
Mama Koku