Uliposema Umeshiba

Baba,

Jana daktari wa kliniki ya sukari hapa Moshi alituambia kwamba mjukuu wako Kelvin ana kisukari. Kelvin ni mwembamba na bado anacheza mpira. Nilikaa pembeni yake, dawa zangu za ugonjwa huohuo zikiwa mfukoni. Ndio huo uliokuzika wewe.

Daktari hakuuliza ulikufa na nini. Aliuliza uliishije kabla sijazaliwa: ulikula nini, ulipata kulala na njaa? Alisema watafiti wanadhani maisha ya mwanamume yanaweza kuacha alama kwenye mbegu yake, ikabadilisha namna mwili wa mtoto, pengine hata wa mjukuu, unavyotumia sukari. Nilimbana kama ninavyowabana watu ninaowahoji kwa ajili ya gazeti. Akakubali kwamba ushahidi mwingi umetoka kwa panya, na kwamba kwa binadamu ni vigumu kutenganisha mbegu na sufuria ambayo familia nzima inakula.

"Siwezi kukuambia ndiyo, mzee," alisema. "Wala hapana."

Tukapanda nyumbani Kibosho. Dada yako, shangazi Apolonia, alikuwa anamenya ndizi. Nikamuuliza kuhusu miaka uliyobeba magunia mpakani Holili.

"Alirudi amekwisha kwa njaa," alisema. "Mama yako alimtambua kwa sauti. Wewe ukazaliwa mwaka uliofuata."

Nikaenda kwa mzee Sabas, uliyebeba naye magunia hayo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Njaa? Holili tulikula nyama kuliko padri. Nani kakudanganya?"

"Shangazi."

"Yeye alikuwepo?"

Hakuwepo. Mashahidi wawili, kila mmoja ana hakika, na wa tatu ni wewe.

Nakukumbuka jikoni, mtori wa ndizi umebaki kidogo. Mama anataka kukuongeza, unafunika bakuli kwa kiganja: "Nimeshiba, wape watoto." Tukishatoka unapitisha kidole ndani ya sufuria. Nilikuona kupitia mlango zaidi ya mara moja. Sikujua kama ni njaa, mazoea, au ulipenda mtori tu. Hata leo sijui.

Kinachonichanganya zaidi ni kaka na mdogo wangu. Evarist, mzaliwa wa kwanza, hana sukari. Deo, kitindamimba, naye hana. Nilipomweleza Deo swali la daktari, alikuwa amekaa barazani kwako, ambako sasa ni kwake.

"Wa kwanza alipewa shamba la babu," alisema, "mimi nikapewa kihamba, hii migomba ya nyumbani, na nyumba ya mzee. Wewe wa katikati tulidhani umekosa, kumbe ulirithi sukari."

Tulicheka wote. Kisha Kelvin akaacha kucheka.

"Baba, na wangu je?"

Bado hana mtoto. Amechumbia binti wa Bomang'ombe, na wazee wa kule watauliza kama wanavyouliza wazee wote: kwenu kuna magonjwa gani? Uliulizwa hivyo ulipokwenda kuniposea mama yake Kelvin. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Ulijibu bila kupepesa macho, "Kwetu watu hufa kwa uzee." Wakati huo ulikuwa tayari unakunywa chai bila sukari na kutuambia ni kwa ajili ya Kwaresima. Kwaresima ilikuwa imekwisha zamani.

Sikukasirikii, Baba. Nimejaribu, lakini sijui nianzie wapi. Kama ulikuwa na njaa, ulikuwa nayo ukitafuta ada ya Evarist, na baadaye ukapata yangu. Kama ulishiba, basi sina hata hilo la kumwambia Kelvin. Nimezoea kuandika kitu baada ya watu wawili kukubaliana. Hapa hawakubaliani, na kijana anasubiri jibu.

Nimemwambia nililo na uhakika nalo. Sukari ilikuwa kwako, ipo kwangu, ipo kwake. Mengine yote ni labda. Daktari amemwambia ale vizuri, atembee, ameze dawa, na asiahirishe ndoa kwa sababu ya panya. Amesema atakayezaa naye ana haki ya kujua.

Kelvin ameomba aseme mwenyewe mbele ya wakwe. Nimekubali. Ya kwake ataeleza yeye, ya kwako nitaeleza mimi, pamoja na Holili na ile chai. Shangazi anakuja, mzee Sabas pia, na najua watabishana njia nzima.

Pumzika, Baba. Tunatakiwa Bomang'ombe Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mwanao wa katikati