Waliovunja Ulinganifu

Mombasa, 1999

Dada Mshai mpendwa,

Hamjambo hapo nyumbani Voi? Joto la Mombasa limenikausha hadi kope.

Leo kwenye kongamano la chuo nimetoa ile mada niliyoisomea miaka mitatu. Nilipewa dakika tano tu, kwani mgeni rasmi alihutubia saa nzima. Nikaeleza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno, hubadilika aina zikiwa njiani. Kwamba mwaka jana ilibainika zina uzito. Na kwamba huenda uzito huo ulitokana na ulinganifu wa kanuni za maumbile uliovunjika ulimwengu ulipokuwa mchanga. Mgeni rasmi akasimama: “Waliouvunja wakamatwe!” Ukumbi mzima ukapiga makofi, maprofesa wakitangulia. Nilikaa chini nikitamani kulia.

Jioni nikamsimulia Bi Zuhura, mwenyeji wangu huku mtaani Kuze. Hakucheka. Akauliza, “Sasa huo uzito watoka wapi hasa?”

“Hatujui bado, Bi Zuhura.”

“Basi keti, mwanangu, unieleze hilo msilolijua.”

Nikamweleza hadi mbaazi zetu zikapoa, naye akaniuliza maswali ambayo hakuna profesa aliyeyauliza.

Mungu awalinde. Nibusie mama, umwambie nimeeleweka na mtu mmoja.

Mdogo wako,
Mwakio